Nyumba bila kiwanja

Kwetu mtu anaanza na kiwanja. Unanunua kiwanja, unapanda mihogo au minazi miwili mitatu ili watu waone pana mwenyewe, alafu unaenda kidogo kidogo, tripu moja ya mchanga leo, tofali mia mbili mwakani, msingi, kuta, lenta, na siku bati likipanda juu mama anakuja anaswali rakaa mbili ndani hata milango haijawekwa. Mimi ninacho kiwanja Pongwe, Tanga, mita 20 kwa 20, hakina hata tofali moja. Na huku Uingereza nina nyumba, ina kitanda, jiko, friji, choo na madirisha sita, ila haina kiwanja. Ni karavani, imekaa juu ya magurudumu mawili na kila baada ya siku 28 naihamisha.

Nilipoweka picha yake status watu walijaa inbox, wengine wananipa pole, wengine wanadhani nimekuwa tajiri nimenunua gari la kitalii, wengine, hasa wenzangu tunaofanya kazi za kea (kuhudumia wazee) huku, wanauliza swali moja tu, bei gani na je nao wanaweza. Nimeona niandike yote kwa mpigo mmoja, mana jibu la "ndio ni rahisi" ni kweli nusu tu na hiyo nusu nyingine ndo inaumiza watu.

Kwanza tuelewane, karavani ninayoisema ni ile ya kukokotwa na gari dogo, tela jeupe ambalo wazungu wanatoka nalo likizo kipindi cha sama, yani kiangazi chao. Siyo ile kubwa inayoshushwa na lori ikawekwa sehemu moja miaka ishirini, na siyo ile yenye injini yake. Yangu ni ya mwaka 2005, ndani ina kama mita tano na nusu kwa mita mbili na kidogo, ukishaipakia vitu haitakiwi kuzidi kilo 1,200. Niliinunua pauni 3,400 kwa mzee mmoja ambaye mke wake alishindwa kupanda ngazi yake, wakaamua kuacha kusafiri.

Nilifika hapa Mei 2024 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee. Wanaofuatilia wanajua, kuanzia tarehe 11 Machi 2024 sisi makea tulizuiwa kuja na familia, kwa hiyo mke wangu na binti yetu walibaki Tanga na mimi nikawa mtu wa chumba kimoja. Nikapata chumba Bristol kwenye nyumba ya watu watano, jiko moja, bafu moja, pauni 720 kwa mwezi na bili ndani. Siyo pabaya kwa kuanzia. Lakini Julai 2025 ikaja notisi, miezi miwili mtoke, mwenye nyumba anauza. Kwa sheria ya wakati ule hakuhitaji hata kutoa sababu.

Nikaanza kutafuta. Flati ya chumba kimoja ilikuwa pauni 1,150 bila bili, na ejenti anataka mdhamini anayemiliki nyumba hapa hapa Uingereza. Mimi nimtoe wapi mdhamini mwenye nyumba Uingereza? Hamna basi lipa kodi ya miezi sita mbele. Aisee, miezi sita! Hiyo hadithi ya dalali na miezi sita nilidhani nimeiacha Dar. Sheria hapa inasema dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, sawa, hilo wanalifuata vizuri tu, alafu wakati ule walikuwa wanakuambia leta pauni 6,900 kodi ya mbele kwasababu huna mdhamini. Na kabla ya yote wanakagua hati yako ya uhamiaji, hiyo ni lazima kwa mwenye nyumba yeyote England tangu 2016, na kuna wenye nyumba wakiona tu viza ina tarehe ya mwisho wanaacha kujibu simu.

Wakati ule ukiishi Bristol ulikuwa unaona magari ya kulala yamepangwa pembezoni mwa barabara, hasa karibu na yale maeneo ya wazi ya the Downs. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napita pale nikiamini ni watalii. Siku moja natoka shifti saa kumi na mbili asubuhi nikaona dada mmoja anashuka kwenye karavani amevaa sare ya kazi kama yangu kabisa, ana kitambulisho shingoni, anafunga mlango na kufuli, anakimbilia basi. Nikasimama. Yule siyo mtalii. Yule ni mimi mwezi ujao.

Sasa kununua. Hapa ndo naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Karavani nyingi za umri huu ni fremu ya mbao imevikwa bati jembamba la aluminiamu, na pale bati linapokutana na bati kuna gundi imefunikwa na reli ya aluminiamu. Gundi ikikauka ikapasuka, maji ya mvua yanaingia taratibu, huoni kitu, mbao inaoza ndani kwa ndani mpaka siku unaegemea ukuta unabonyea kama mkate. Wanapima kwa kifaa kidogo chenye sindano mbili, kikisoma chini ya asilimia 15 mko salama, kikipita 20 kuna shida, kikifika 30 mbao imeshaanza kufa. Yangu kona ya mbele chini ya dirisha ilisoma 24. Yule mzee hakunificha, alinionyesha mwenyewe na akapunguza bei.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa mashua. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa naye pwani akipiga kalafati, anasokota pamba, anaipaka mafuta ya sifa, anaishindilia kwenye viungo vya mbao kwa patasi na nyundo, tak tak tak mchana kutwa, na harufu ile ya mafuta ya papa mpaka leo naikumbuka. Alikuwa anasema chombo hakizamishwi na wimbi, kinazamishwa na tundu usiloliona. Basi mwezi Agosti nilitumia wikiendi tatu kung'oa ile reli ya mbele, kukwangua gundi kuukuu na ubapa wa plastiki, kukausha mbao, kuweka gundi mpya ya butili ile nyeusi inayonata kama ulimbo, kurudisha skrubu mpya moja moja. Nilikuwa namuwaza babu muda wote. Angeielewa kazi ile bila mtu kumfafanulia. Sasa hivi kona inasoma 14.

Kuivuta nako ni darasa. Leseni yetu ya Tanzania wanaikubali miezi 12 tu, baada ya hapo unafanya mtihani wao wa maswali na wa barabarani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani, mimi nilifaulu Juni 2025. Zamani ulitakiwa mtihani mwingine tena kwa ajili ya tela zito, ila tangu Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta tela la hadi kilo 3,500, mradi gari lako lenyewe linaruhusiwa kuvuta uzito huo. Wazoefu wanashauri karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Na vitu vizito vikae katikati juu ya ekseli, siyo nyuma. Mimi mara ya kwanza niliweka boksi la vifaa na mchele kilo 20 kwenye kabati la nyuma kabisa, tumefika barabara kuu ya M5 lori likanipita, karavani ikaanza kuchapa kushoto kulia kama mkia wa taa aliyenaswa, gari lote linavutwa, mikono imekufa ganzi kwenye usukani. Usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka. Nilifanya hivyo kwa bahati tu kwasababu nilishapigwa na bumbuwazi. Nikaegesha kituo cha mapumziko nikakaa nusu saa sijaweza hata kushuka.

Mpaka hapo nyumba ninayo. Kiwanja sasa.

Saiti ya kwanza, yani eneo la kuegesha karavani, ilikuwa kubwa, ya likizo, ina bafu zuri za maji moto, duka, kila kitu. Kwenye fomu kuna sehemu imeandikwa anwani ya makazi yako ya kudumu, na wanataka bili ya kodi ya kaunsili (kodi ya makazi inayolipwa halmashauri) ya hiyo nyumba kama ushahidi. Nikamuuliza yule dada wa mapokezi, kama ningekuwa na nyumba inayolipiwa kodi ya kaunsili si ningelala huko? Akasema kwa upole kabisa, leseni yetu ni ya likizo, hatuwezi kuruhusu mtu awe anaishi hapa. Yani ili niruhusiwe kulala kwenye karavani yangu mwenyewe lazima kwanza nithibitishe kwamba nina nyumba nyingine. Walinipa wiki tatu kwa fadhila na mwisho wa Oktoba walikuwa wanafunga mpaka Machi.

Nilivyoanza kusoma sheria zao nikaelewa kwamba yule dada hakuwa mbaya, mfumo ndo umejengwa hivyo. Sheria ya 1960 inasema ardhi ikitumika kuweka karavani za watu kukaa iwe na leseni na kibali cha mipango miji. Sheria ya 1983 inawalinda wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika zilizo kwenye saiti zenye kibali cha makazi, wale hawawezi kutolewa ovyo bila mahakama. Lakini mimi niliye na tela kwenye shamba la likizo sina kinga hiyo, mwenye shamba akisema kesho ondoka, nafunga vyombo.

Na kuna jambo limenikaa rohoni. Karavani ya kwanza ya starehe katika nchi hii ilitengenezwa Bristol hapa hapa, mwaka 1885, kwa ajili ya daktari mstaafu wa jeshi la majini, Gordon Stables, ikakokotwa na farasi wawili mpaka Inverness kule Scotland na watu wakatoka nje kuishangaa. Lakini Waroma, wale wanaoitwa Gypsy, na jamii nyingine za kuhamahama walikuwa tayari wanaishi ndani ya mabehewa yao, wanazaa humo, wanazikana. Daktari akashangiliwa, wao wakafukuzwa. Mwaka 1968 bunge lilizipa halmashauri wajibu wa kuwatengea saiti, 1994 wajibu huo ukafutwa, na sheria ya 2022 ikaongeza kwamba kukaa kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa na gari lako la kulala kunaweza kuwa jinai na gari likachukuliwa. Mimi nimekaa miezi michache tu nimeshasikia maneno yanayosemwa dirishani gari likipita, maneno wanayoambiwa wao siku zote. Mtu anayelala kwenye karavani kwa wiki mbili anaitwa yuko likizo, anayelala mwaka mzima anaitwa tatizo, na karavani ni ile ile.

Njia niliyoipata ni mashamba madogo. Kuna klabu mbili kubwa za zamani, The Camping and Caravanning Club ya 1901 na The Caravan and Motorhome Club ya 1907, sheria inaziruhusu kuwapa wakulima cheti cha kuweka karavani tano tu kwenye kipande cha shamba bila kuomba leseni ile ndefu. Sharti uwe mwanachama, na usikae zaidi ya siku 28 mfululizo. Kwa hiyo nina mashamba mawili, yote Somerset, moja linatazama milima ya Mendip lingine liko chini kwenye tambarare, nazunguka kati yao, na yote mawili yako wazi winta (msimu wa baridi), kitu ambacho ni adimu. Niliwaambia wenyewe ukweli tangu siku ya kwanza, mimi ni kea, nafanya kazi vijiji vya hapa, sina nyumba nyingine. Mama wa shamba la Mendip akanyamaza kidogo akasema, mama yangu alikuwa na makea kama wewe, weka pale karibu na ukuta upepo usikupige.

Maisha ya kila siku sasa. Nyumba ya kawaida inafanya kazi nyingi bila wewe kujua, maji yanakuja, uchafu unaenda, joto linatoka ukutani. Karavani inakurudishia kazi zote hizo mikononi. Maji ni pipa la lita 40 linaloviringishwa chini kama tairi, unalivuta mpaka bombani, unalivuta kurudi, pampu ndogo inanyonya ndani. Lita 40 ni madumu mawili ya kwetu, na mtu aliyekulia kwenye maji ya dumu hahitaji kufundishwa kuoga kwa jagi, hiyo ilinisaidia kuliko wazungu wengi niliokutana nao. Maji machafu yanaingia kwenye pipa lingine chini ya sakafu, unaenda kulimwaga. Choo kina kaseti, kama sanduku linalochomolewa kwa nje, unatia dawa, ikijaa unaibeba mpaka shimo lake, unamwaga, unasuuza. Kila siku mbili tatu, mvua jua, umetoka kuwaogesha wazee wa watu kutwa nzima na ukifika nyumbani kaseti inakusubiri.

Umeme ni kebo ya rangi ya chungwa kutoka kwenye nguzo, shamba moja una mita ya kulipia kabla, ni LUKU tu. Ampea 10. Zidisha na volti 230 unapata wati 2,300, hiyo ndo nyumba nzima. Hita ndogo ikiwa inawaka na ukasahau ukawasha birika la umeme, breka inakata na giza, na boksi la breka liko nje kwenye nguzo. Sasa nachemsha chai kwenye gesi.

Gesi, hapa nataka nikae kidogo. Desemba, wiki yangu ya kwanza ya baridi kali kule Mendip, nilinunua mtungi wa bluu kwasababu ndo uliokuwepo dukani na mimi kwangu gesi ni gesi. Saa kumi usiku nikaamka pumzi inatoka kama moshi. Hita imezima. Nikabonyeza, cheche, cheche, hamna moto. Nikavaa koti nikatoka na tochi, nyasi zote nyeupe zinavunjika chini ya buti, nikafungua kijisanduku cha mbele nikautikisa mtungi, mzito, gesi inacheza ndani kama maji. Imejaa! Nikafunga, nikafungua, nikabadilisha regyuleta, hamna. Nikarudi ndani nikajifunika kila nguo niliyonayo na kanga mbili alizonipa mke wangu, nikakaa hivyo mpaka kunapambazuka.

Asubuhi mzee jirani, mstaafu ana karavani yake na mbwa, akaja akatazama mtungi akatikisa kichwa. Wa bluu ni butani, akasema, joto likishuka karibu na sifuri haigeuki gesi tena, inabaki maji humo humo. Winta unatumia mwekundu, propeni, huo unafanya kazi mpaka hasi 42. Mtu aliyezaliwa Tanga hajawahi kuwa na sababu ya kulijua hilo. Alafu akainama akaona nimeziba matundu ya sakafuni na matambara kwasababu upepo ulikuwa unaingia. Akayatoa mwenyewe kwa mkono, na sauti ikabadilika. Hayo matundu yapo kwasababu gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatokea chini, ukiziba inajaa ndani na wewe umelala. Akaniuliza king'ora cha kaboni monoksaidi kiko wapi. Kilikuwepo, betri imekufa. Akaenda kwake akarudi na betri mpya. Sisi wote tumesikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani chumba kimefungwa wakakutwa asubuhi, na mimi nilikuwa njiani kufanya kitu kile kile kwenye bati la mita tano. Ukisoma makala hii ukabeba jambo moja tu, beba hilo. Usizibe matundu, na kijaribu king'ora kila wiki.

Alafu jasho. Mtu mmoja analala anapumua, anapika wali, anakausha soksi, maji yote hayo yanaenda kwenye ukuta wa baridi. Nilinyanyua godoro Januari nikakuta kuvu jeusi upande wa ukutani. Sasa godoro liko juu ya vibao vyenye nafasi, kila asubuhi nalisimamisha, dirisha la juu liko wazi kidole kimoja hata kukiwa na barafu, na mashine ndogo ya kunyonya unyevu inafanya kazi nikiwa kazini. Inajaza nusu lita kwa siku. Maji hayo yote yalikuwa yanaenda kwenye mbao.

Hela. Naandika namba zangu, zako zitakuwa tofauti. Nafasi shambani pauni 12 kwa usiku ukijumlisha na umeme wa kawaida, ni 360 kwa siku 30. Gesi winta kama 70. Dobi 28, jimu 22 (siinui chuma, naenda kuoga), bima 18. Jumla pauni 498. Chumba kilikuwa 720, kwa hiyo naokoa 222 kwa mwezi, sama itakaribia 270 mana gesi inashuka. Lakini karavani na matengenezo imenigharimu 4,300, ukigawanya kwa wastani wa winta na sama ni kama miezi 17 na nusu ndo nirudishe hela yangu ukilinganisha na chumba, na mimi nina miezi tisa tu. Bado sijafaidi hata senti. Ukilinganisha na flati ya peke yako, bili na kodi ya kaunsili juu, hapo ni tofauti kubwa, pauni mia tisa na zaidi kila mwezi, miezi mitano imeshajilipa. Kwahiyo anayekuambia karavani ni bure muulize analinganisha na nini. Nilichopata ambacho hakipo kwenye hesabu ni mlango wangu. Nikirudi usiku naswali, napika dagaa, naongea na binti yangu kwa sauti, hakuna anayegonga ukuta.

Na kuna mlango ambao haufunguki, anwani. Barua ya benki, bima ya gari, leseni (usipobadilisha anwani kwenye leseni faini inafika pauni 1,000), na kubwa kuliko yote viza, mwajiri anayekudhamini anatakiwa ajue unaishi wapi na akaunti yako ya uhamiaji iwe na anwani sahihi. Mimi nilimwandikia bosi wangu wazi, mashamba yote mawili na tarehe za kuhama, na kila nikihama namtumia ujumbe. Barua zinapokelewa kwa jamaa yangu Bristol kwa ridhaa yake. Msije mkaandika anwani ya uongo kwa kuona aibu, aibu inapita, viza haipiti. Kituo kimoja cha afya nilichoenda kujiandikisha mapokezi walinikatalia mpaka nilete bili, nikarudi na mwongozo wa huduma ya afya wa England unaosema hawahitaji uthibitisho wa anwani kumsajili mtu. Wakanisajili. Ila niliondoka na hasira, mana mimi ninajua kusoma miongozo na nina kifua cha kurudi mara ya pili, yule ambaye hana je?

Katika raundi yangu kuna nyumba nne au tano ambazo mzee mmoja anaishi peke yake kwenye vyumba vinne, anapasha joto kimoja tu, vingine vimefungwa. Nampa chai, nambadilisha, namfunika, napanda ngazi kuangalia dirisha kama limefungwa, napita kwenye vyumba vina vitanda vimetandikwa hakuna aliyelala humo miaka kumi. Simlaumu mzee wa watu, ile ni nyumba yake na kumbukumbu zake. Lakini nchi iliyotuita tuje kulea wazazi wao, alafu haina pa kutulaza kwa mshahara inaotulipa, hiyo inatakiwa isemwe kwa sauti, na mimi naisema.

Nani asifanye? Mwenye mtoto mdogo, nakuomba, baridi ile siyo ya mtoto. Mwenye pumu pia. Na usinunue bila kwanza kupata shamba, mimi nilitangulia kununua nikaponea chupuchupu.

Machi nilituma hela ya kwanza ya maana nyumbani, mawe na kokoto na siku sita za fundi. Mke wangu ndo msimamizi. Mama alipiga simu, akaniuliza kama kawaida yake, "Mwanangu, hiyo nyumba yako ya magurudumu bado haijakuchosha?" Nikamwambia imenichosha mama, ila bado inanifaa.

Jumamosi iliyopita siku ya 28 iliisha. Nikapandisha stendi nne za kona, nikakunja kebo, nikamwaga mapipa, nikaunganisha gari. Pale nilipokuwa pamebaki pembenne ya nyasi za njano, mita tano na nusu kwa mbili, imechorwa vizuri kabisa kama mtu kapima. Nikashuka tambarare, nikaegesha shamba la pili, gurudumu la kushoto nikaliweka juu ya vipande vya mbao, nikaweka pima maji sakafuni, povu linakataa kukaa kati, naongeza kibao, napunguza, naongeza. Simu ikalia mfukoni. Picha kutoka Pongwe, vigingi vimechomekwa, kamba nyeupe zimevutwa kona hadi kona, mtaro umeanza kuchimbwa, udongo mwekundu. Nikaivuta picha nikaitazama kwa makini, nikampigia fundi nikiwa bado nimepiga magoti kwenye tope, nikamwambia fundi, hiyo kona ya upande wa barabara naiona kama imelala, hebu irudie kupima.